Usivitupe Vidonge Hivyo kwa Siku Moja

Katika mikutano ya akina mama, baada ya maombi, wakati chai inapomiminwa na mazungumzo yanapoanza kuwa ya kweli, kuna jambo tulilolisikia zaidi ya mara moja. Mama anamwinamia mwenzake na kumnong'oneza kwamba usiku miguu inamwaka kama imekanyaga makaa. Hospitali walimpa vidonge vidogo vya kumeza wakati wa kulala. Vilimsaidia kidogo. Lakini ameviacha, wiki iliyopita, vyote kwa mara moja.

Ukimwuliza kwa nini, sababu hazikosekani. Mwingine binti yake wa sekondari aliisoma karatasi iliyo ndani ya paketi, akamwambia, "Mama, hii ni dawa ya watu wenye sonona," na baba akasikia. Mwingine aliombewa siku ya Jumapili, akaambiwa aviache vidonge kama ushuhuda. Mwingine amechoka na mdomo mkavu na choo kigumu. Na mwingine dawa zilikwisha tu, nauli ya kwenda hospitali ikawa imeliwa na ada ya shule.

Kinachofuata kinafanana karibu kwa wote. Siku ya pili au ya tatu kichefuchefu kinaanza, jasho, kichwa kuuma, usingizi unakimbia, na ukija unakuja na ndoto za ajabu. Moyo hautulii. Halafu yale maumivu ya zamani yanarudi, pengine kwa nguvu kuliko mwanzo. Mama anadhani ni malaria. Jirani anadhani ni mkono wa mtu. Yeye mwenyewe, katikati ya usiku, anaanza kujiuliza kama Mungu amemwacha. Mambo haya yana maelezo, mama mpendwa, na mengi kati yake yangeweza kuzuiwa.

Hatusemi kwamba dawa hizi zisiachwe. Wengi huziacha, tena salama. Tunachotaka kusema ni kwamba ziko namna za kuziacha, na namna ya kuzitupa kwa siku moja ndiyo iliyo mbaya kuliko zote.

DAWA YA SONONA INATAFUTA NINI MIGUUNI?

Dawa inayotolewa mara nyingi zaidi katika hospitali zetu kwa maumivu ya mishipa ya fahamu ni amitriptilini. Kwenye paketi utaona imeandikwa amitriptyline, mara nyingi vidonge vya miligramu 25. Ni dawa ya zamani. Marekani iliidhinishwa mwaka 1961, na kweli iliidhinishwa kwa ajili ya sonona, yaani ile huzuni nzito inayomfunga mtu hata asiweze kula, kulala wala kufurahia watoto wake. Baadaye madaktari wakaona kwamba inapunguza pia maumivu ya mishipa, hata kwa mtu asiye na sonona kabisa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mshipa wa fahamu ni kama waya wa simu. Ukijeruhiwa na kisukari, au na mkanda wa jeshi, au ukibanwa kiunoni, unaanza kupiga simu za uongo: miguu haijaungua, lakini ubongo unaambiwa inaungua. Ubongo nao una njia yake ya kushusha amri kupitia uti wa mgongo ili kelele hizo zipunguzwe, na katika kazi hiyo hutumia kemikali ziitwazo serotonini na noradrenalini. Amitriptilini huziacha kemikali hizo zikae kazini kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana dawa moja inaweza kugusa moyo wenye huzuni na vilevile unyayo unaowaka.

Kipimo nacho hutofautiana. Kwa maumivu daktari huanza na miligramu 10 au 25 usiku, na mara nyingi hapiti 75. Kwa sonona watu hufika 150. Kwa hiyo ukimwona mama na kidonge kimoja cha 25 kando ya kitanda, huwezi kujua anaugua nini, na wala si haki kubuni. Na kama ni sonona, basi ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Hakuna mtu anayemcheka mwenye presha kwa kumeza dawa ya presha.

Ipo pia duloksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa sonona na kwa maumivu ya mishipa yatokanayo na kisukari. Ni kapsuli, na bei yake ni kubwa zaidi. Tunataja jambo moja hapa kwa ajili ya wale wanaofikiri kuuza mbuzi ili wapate dawa ya ghali: utafiti uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2022 uliwafuatilia wagonjwa wa kisukari wenye maumivu ya mishipa waliotumia amitriptilini, duloksetini au pregabalini. Nafuu waliyopata ilikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa zaidi katika madhara madogo madogo ya kila dawa. Mbuzi abaki zizini kwanza.

SABABU NZURI NA SABABU MBAYA

Ziko sababu nzuri za kuacha. Maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, kwa mfano, kwa watu wengi hupungua yenyewe miezi inapopita, na hakuna haja ya kumeza dawa ya maumivu yaliyokwisha kuondoka. Sababu nyingine ni kwamba dawa haisaidii. Kama umeitumia wiki sita hadi nane katika kipimo alichokusudia daktari, na usiku wako ni ule ule, una haki ya kurudi na kumwambia.

Hapo tuwataje akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wengi waliotumia vile vidonge vya zamani vya stavudini waliachiwa miguu inayochoma. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 dawa hiyo iondolewe hatua kwa hatua. Basi, tafiti mbili zilizotangazwa Marekani mwaka 1998 ziliwapa wagonjwa wenye maumivu ya namna hiyo amitriptilini, na nafuu yao haikuwa kubwa kuliko ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mama mwenye hali hiyo akisema kwamba vidonge havimsaidii, asionekane mkaidi. Pengine anasema kweli tupu.

Madhara nayo ni sababu. Dawa hii hukausha mdomo, hufunga choo, huongeza uzito, hutia ukungu machoni, na huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Huleta usingizi mzito pia, na mama mwenye mtoto mchanga anaogopa, kwa haki kabisa, kwamba hatasikia akilia. Kwa mzee anayeamka usiku kwenda msalani nje, kizunguzungu hicho ni mguu uliovunjika. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho asikae nayo bila daktari kujua.

Lakini ziko pia sababu zinazotutia huzuni. Aibu ni moja. Kuisha kwa dawa ni nyingine, na hiyo inahitaji mpango zaidi kuliko ujasiri: nenda ukachukue nyingine zikiwa zimebaki za wiki nzima, si kidonge kimoja. Na simu ya msiba ikija saa nane usiku, ukafunga kanga na kukimbilia basi la alfajiri, vidonge viwe vya kwanza kuingia mfukoni. Tumeona watu wakilala matanga siku kumi bila dawa, kisha ugonjwa wao wote ukasemwa umeletwa na uchungu wa kufiwa.

KUSHUKA NGAZI

Sasa tuje kwenye kiini. Mwili unaomeza dawa hii kila usiku kwa miezi umejipanga upya kuizoea. Si ulevi. Mtu hatamani dawa, hawezi kuiba ili aipate. Ni mazoea ya mwili, na mwili unahitaji muda wa kujipanga tena. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la The Lancet Psychiatry lilitoa hesabu iliyokusanywa kutoka tafiti nyingi: kati ya watu 100 walioacha dawa za sonona, wapatao 31 walipata angalau dalili moja, na kati ya 100 walioacha vidonge visivyo na dawa ndani yake, 17 nao walisema wamepata. Maana yake ni kwamba dalili hizo zipo kweli, si za kubuni; na vilevile kwamba wengi huacha bila shida kubwa, na hofu yenyewe huleta sehemu ya dalili. Tumeyaeleza yote mawili ili mtu asidharau wala asitishike.

Namna ya kushuka hupangwa na daktari au tabibu aliyekuandikia, kwa sababu yeye anajua umekaa muda gani na ulikuwa kwenye kipimo gani. Hata hivyo yafaa ujue sura yake. Mama aliye kwenye miligramu 75 anaweza kuambiwa ashuke hadi 50, akae hapo wiki mbili hadi nne, kisha 25, akae tena, kisha nusu kidonge, akae tena, ndipo aache. Aliyeitumia kwa miaka huenda akahitaji miezi kadhaa. Aliyeitumia wiki tatu tu anaweza kumaliza upesi zaidi. Miongozo ya tiba iliyotolewa Uingereza mwaka 2022 inasema jambo ambalo sisi tunalipenda: hatua inayofuata ichukuliwe pale tu dalili za hatua iliyopita zimetulia au zinavumilika. Kalenda ya ukutani isimwendeshe mgonjwa.

Na hapa kuna siri ambayo wengi hawaambiwi. Hatua za mwisho ndizo ngumu. Mtu anatoka 75 hadi 50 akiimba, halafu anatoka nusu kidonge hadi sifuri na dunia inamzunguka. Anadhani amekosea. Hajakosea. Chukua nyumba yenye taa nne. Ukizima moja, huoni tofauti kubwa. Ukizima ya pili, bado unaona sindano na uzi. Lakini ukizima ile ya mwisho, ni giza. Dawa hizi hufanya kazi karibu namna hiyo: miligramu chache za chini hufanya sehemu kubwa ya kazi katika ubongo kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo kadiri unavyokaribia chini, ngazi ziwe fupi zaidi. Wengine huhitaji robo kidonge. Mfamasia akuonyeshe namna ya kukata, au akupatie vidonge vya miligramu 10 kama vipo, maana kukata kidonge kidogo kwa kisu cha jikoni ni kazi ya kupoteza nusu yake sakafuni. Kipande kilichokatwa ni kichungu na hutia ganzi ulimini, basi kimeze upesi na maji.

Kapsuli ya duloksetini haikatwi wala kutafunwa. Ndani yake mna punje zilizofunikwa ili asidi ya tumbo isiziharibu, na ukizisaga umeiharibu dawa. Zipo kapsuli za miligramu 60 na za 30, na daktari hushusha kwa kubadilisha. Dawa hii hutoka mwilini haraka, na kwa hiyo kuiacha ghafla huleta dalili kali kwa wengi, hata zile wanazoziita shoti kichwani, kana kwamba umeme umepita nyuma ya macho. Mwenye kuitumia asijaribu kabisa kujipangia.

Kosa moja tulitaje kwa sauti, kwa kuwa hufanywa kwa nia njema: kumeza leo, kuruka kesho. Mama anafikiri amepunguza nusu. Kumbe anaupandisha mwili na kuushusha kila baada ya siku moja, kama mtu anayeacha na kuanza upya mara kumi na nne kwa mwezi. Afadhali nusu kila usiku kuliko kizima kwa kuruka.

Naamani alichovya Yordani mara saba, si mara moja, na hakuna aliyesema mara sita za kwanza zilikuwa ukosefu wa imani.

NI MAUMIVU YALE YALE, AU NI DAWA INATOKA?

Swali hili humsumbua kila anayeshuka, na jibu lake huamua mengi. Akidhani kila dalili ni ugonjwa umerudi, atabaki kwenye dawa maisha yake yote bila sababu. Akidhani kila dalili ni dawa inatoka, atavumilia mateso ambayo yana tiba.

Ziko alama za kupambanua, ingawa si sheria ya chuma. Dalili za kuacha dawa huja mapema, ndani ya siku chache baada ya kupunguza, nazo huja na mambo mapya ambayo hayakuwamo katika ugonjwa wako: kichefuchefu, jasho, ndoto, wasiwasi, mafua yasiyo mafua. Ukirudishiwa kipimo cha ngazi ya juu, huondoka upesi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Wengi humalizana nazo katika wiki moja au mbili, ingawa wako wachache ambao huwachukua miezi. Maumivu ya mishipa yanaporudi, yanarudi nyumbani kwake: unyayo ule ule, ubavu ule ule uliokuwa na mkanda wa jeshi, mshtuko ule ule wa kiuno hadi kisigino. Na huzuni nzito, kwa aliyekuwa nayo, kwa kawaida hunyemelea polepole zaidi, kwa wiki na hata miezi. Huzuni hiyo mara nyingi huonwa na watu wa nyumbani kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Tunashauri daftari. La mtoto, lile la kurasa thelathini na mbili, linatosha. Kila jioni andika umemeza kiasi gani, maumivu yalikuwa ngapi kati ya 10, ulilala saa ngapi, na neno moja juu ya moyo wako. Anza wiki mbili kabla ya kupunguza chochote, maana bila kujua ulikuwa wapi huwezi kujua umefika wapi. Daftari hilo likiwekwa mezani kwa daktari mwenye foleni ya watu sitini mlangoni, litamwambia kwa dakika moja mambo ambayo kwa mdomo yangechukua robo saa.

Ngazi ikikushinda, rudi ile ya juu yake, mwone daktari, kaa mpaka utulie, kisha ushuke kwa hatua fupi zaidi. Kurudi ngazi moja si kuanguka.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo hayasubiri daftari. Fikra za kujidhuru au kwamba watoto wangekuwa afadhali bila wewe; degedege; kuzimia; moyo kwenda mbio na kifua kuuma: hayo ni ya hospitali siku ile ile, usiku ule ule. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya kiuno akihisi ganzi katikati ya mapaja, miguu ikalegea, au mkojo na choo vikakataa amri. Hapo tatizo limekwisha kuwa kubwa kuliko vidonge, na kila saa ina thamani.

MAUMIVU YATASHIKWA NA NANI?

Mama anayeng'oa nguzo moja ya nyumba huweka nyingine kwanza. Kabla ya kuanza kushuka, muulize daktari: maumivu yakirudi, tutayashika na nini?

Kwanza mzizi. Kisukari kisichodhibitiwa kinaendelea kuunguza mishipa kila siku, na hakuna kidonge cha usiku kitakachoshindana nacho. Mwenye kumeza metformini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi na kuchomachoma. Mwulize daktari kuhusu kipimo au sindano. Anayetumia aisoniazidi kwa kifua kikuu au kwa kukikinga apewe vitamini B6 pamoja nayo. Tumeona mama akihangaika na dawa ya maumivu wakati kilichokosekana ni vitamini ya bei ya mkate.

Pili, dawa nyingine. Gabapentini na pregabalini husaidia wengine, na zenyewe pia hazianzwi wala kuachwa ghafla. Tramadoli inahitaji tahadhari kubwa: ikichanganywa na dawa hizi za sonona inaweza kuleta degedege na hata homa na mtetemeko wa hatari, kwa hiyo usichukue ya jirani "kwa usiku wa leo tu." Diklofenaki, ambayo kila duka linayo, haifanyi mengi kwa maumivu ya mishipa, na kwa mwenye kisukari inaweza kuumiza figo. Inasikitisha ni figo ngapi zinazotolewa kafara kwa kidonge kisichosaidia.

Karbamazepini tunaitaja peke yake kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu wamo katika miaka ya kuzaa. Hutolewa kwa maumivu fulani, hasa yale ya mshipa wa uso. Lakini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, na mimba ikiingia, dawa hiyo ina hatari kwa mtoto. Kitanzi na sindano ya miezi mitatu haviathiriki hivyo. Hugongana pia na baadhi ya dawa za kufubaza virusi, dolutegraviri ikiwamo. Mama asiyetaja njia yake ya uzazi wa mpango kwa sababu daktari ni kijana wa umri wa mwanawe, anajiweka pabaya. Taja.

Na ukigundua una mimba huku ukitumia amitriptilini au duloksetini, usizitupe asubuhi ile kwa hofu. Nenda kliniki wiki hiyo hiyo, useme unachomeza, na mpango ufanywe pamoja. Ukikaribia kujifungua bado unatumia, mkunga ajue, ili mtoto aangaliwe vizuri siku za kwanza.

Mengine ni ya nyumbani. Kutembea kila siku, hata nusu saa. Kulala saa ile ile. Miguu yenye ganzi isiingizwe kwenye maji ya moto. Maji yapimwe kwa kiwiko, kama ya mtoto. Kutikisa viatu kabla ya kuvaa, kwa kuwa unyayo usiohisi hautakuambia kuna msumari. Kutazama nyayo kila jioni, na kama mgongo haukunjiki, mtoto atazame. Pilipili ya jikoni usijipake, hata kama umesikia kwamba kuna dawa ya kupaka inayotokana nayo. Ipo kweli, lakini imepimwa. Yako haijapimwa, na mkono wako utagusa jicho.

MUME, MCHUNGAJI NA WEWE

Hakuna anayeshuka ngazi hizi vizuri kwa siri. Mama anayeficha vidonge ndani ya kopo la unga hawezi kusema kwa nini amekuwa mkali juma hili, na baba wa watoto anabaki kufikiri yake. Mweleze mapema, kabla ya kupunguza, si katikati ya ugomvi. Maneno machache yanatosha: "Baba, hii dawa ni ya mishipa ya miguu. Daktari ananipunguzia. Wiki mbili hizi nitalala vibaya na pengine nitajibu vibaya. Ukiona nimezidi, niambie, na nikikaa siku nyingi bila kucheka, nipeleke." Wanaume wengi hubeba mzigo wakiuona. Kinachowashinda ni mzigo uliofunikwa kanga.

Na juu ya maombi. Sisi tunaamini Mungu anaponya, na hatuandiki makala haya ili kupunguza imani ya mtu. Lakini hatuwezi kunyamaza mgonjwa anapoagizwa mbele ya kusanyiko atupe dawa zake. Mtume Paulo alisafiri na Luka, ambaye alikuwa tabibu. Alimwandikia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na hakumwambia kwamba tumbo linalouma ni dhambi. Mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, nao ukabaki, naye akabaki mtume. Aliyeombewa na kupona kweli hatadhurika kwa kupunguza polepole chini ya macho ya daktari. Atafika sifuri akiwa mzima, na ushuhuda wake utakuwa imara zaidi. Asiyepona atakuwa hakuanguka kutoka juu. Tunawasihi wachungaji na mama wachungaji wanaosoma gazeti hili wawaambie hivyo watu wao, kwa maneno yao wenyewe.

Umoja wa akina mama nao una kazi isiyo ya maneno. Juma la kushuka ngazi ya mwisho ni juma la kumtekea mwenzenu ndoo mbili za maji, kumchukulia mtoto jioni moja apate kulala, na kumsindikiza kliniki. Si juma la kumchagua awe mhasibu wa harusi.

Siku utakapomaliza, huenda vidonge vichache vitabaki. Tunaomba usivihifadhi, na usimgawie mwenzako ambaye miguu yake pia inawaka. Moyo wake hujaupima. Vidonge vya amitriptilini ni vidogo na vyenye rangi ya kuvutia, na vichache tu vinaweza kumwua mtoto. Wakati wote unapovitumia vikae kwenye sanduku lenye kufuli, si kwenye mkoba unaoning'inia nyuma ya mlango. Vinavyobaki virudishe hospitali au duka la dawa, umpe mfamasia mkononi.